Miti ya Kaburi la Baba

Mtongwe, Likoni
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwako kaka yangu Najib,

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta u mzima, kazi yaenda, na joto la huko Doha limepungua kidogo. Sisi huku tupo, alhamdulillahi. Mama yumo edani na afya yake si mbaya. Miguu humvimba jioni, lakini chakula anakula, na dawa za presha anameza bila ya kubembelezwa. Shangazi Ummi bado analala naye chumba kimoja. Mbuzi wawili wamezaa, na minazi ya upande wa bondeni imezaa nazi vizuri kuliko mwaka jana. Jirani wote wanakuulizia.

Najua utashangaa kupata bahasha zama hizi. Ningekupigia, lakini simu zangu hupokei, na picha yako katika WhatsApp imegeuka kijivu tangu wiki ya hitima ya Baba. Basi nimemwomba Carolyne, binti wa mwalimu Oduor jirani yetu, yule anayefanya kazi hotelini huko huko, anibebee barua hii likizo yake ikiisha. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka akuone umeifungua. Ni mkaidi, namwamini.

Najua uliloambiwa. Umeambiwa dada yako Waridi alimnyima baba yake miti ya kaburi, kisha siku ya tatu akaacha matanga kwenda kukimbizana na boriti. Hilo la pili ni kweli. La kwanza ni uongo. Nitakueleza yote yalivyokuwa, nawe usome mpaka mwisho hata hasira zikikupanda katikati. Mimi zimenipanda nikiandika, na bado naandika.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu nyumbani hamkuwahi kuijua. Nilipokwenda Londiani kusomea misitu ulinitania kwamba ninalipiwa karo ili nikajifunze kupanda miti, kazi ambayo kunguru huifanya bure. Nilicheka pamoja nawe. Baba peke yake hakucheka. Alikwenda Kongowea akaninunulia koti zito la mtumba, maana alisikia huko bara kuna baridi ya kuua. Nikasoma udongo, magonjwa ya miti, ramani, sheria, kuzima moto, na kupima kimo cha mti bila ya kuupanda. Nikarudi nimevaa sare ya kijani, nikidhani nitapewa msitu wenye kivuli. Nikaletwa nyumbani, nikakabidhiwa matope.

Bwana misitu wa bara huamka akasikiliza ndege. Mimi huamka nikauliza maji yamejaa au yamekupwa, kwa sababu kazi ya mikoko huanza maji yakiondoka, iwe alfajiri au jua la utosi. Huingia hori, ule mkono wa bahari wenye mikoko, matope magotini, nikapima mashina kwa utepe, nikatafuta visiki vipya, nikaangalia miche ipi imeshika na ipi imeoza. Buti hubaki chini mguu ukatoka mtupu, na magamba ya chaza hukata nyayo kama wembe. Kisha kuna kitalu cha kina mama wa kikundi, kuna vikao vya kijiji, kuna leseni za wakataji wachache walioruhusiwa, kuna zamu ya kusimamisha malori ya makaa kule Miritini huku dereva akinitukania ukoo. Na kuna mahakama, ambako wakili mwenye viatu vinavyong'aa huniuliza nimejuaje kwamba kisiki ni cha mkoko na si cha mwembe.

Halafu kuna siku za wageni. Hizo ungeziona ungelia au ungecheka, sijui. Mabasi ya maofisi huja na watu wamevaa fulana mpya, na wapiga picha. Wanataka kupanda mahali peupe panapoonekana vizuri kwenye picha, na mahali hapo ni peupe kwa sababu mti hauoti, mawimbi hupafagia. Nimewaambia wakubwa kwa mdomo na kwa maandishi. Nimejibiwa niwaache wageni wapande. Wengine huishindilia mbegu ya mkoko kichwa chini, mguu juu, nasi husubiri mabasi yaondoke ndipo mimi na kina mama tugeuze moja moja. Msimu unaofuata huja wengine, wakakuta pamekuwa peupe tena, wakapanda pale pale. Hayo yote huitwa mafanikio.

Watu wa kwetu wakiniona husema kazi ya serikali raha. Huniita bwana misitu, hata vikongwe, nami huitika. Ami Mwarandu alikuwa akinitambulisha kila harusini: huyu ni mtoto wa kakangu, na hori lote hili ni lake. Nilikuwa nikimsahihisha kwamba hori si langu, nimewekwa kulilinda tu. Alikuwa akicheka akinipiga bega, akidhani ninaona haya kujisifu.

Sasa tuje kwenye nyumba yako ya Shika Adabu. Utakumbuka mwaka jana ulinipigia ukiwa na furaha, ukasema zege la chini limekwisha na sasa unataka baraza ya juu iezekwe kwa boriti za mkoko, zile nyekundu, nene, kama za nyumba za wazee. Nilikueleza kwamba boriti za unene huo hazimo katika leseni ya mtu yeyote kwetu. Hori limechoka, na mikoko mikubwa iliyobaki ndiyo inayoangusha mbegu za miche yote. Nikakushauri ununue mvinje, ambao watu wanaupanda shambani na kuuza kihalali. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, yaani mtu dada yake awe bwana misitu, halafu ajengee mvinje kama banda la kuku? Nikasema ndiyo. Ukasema tutaona. Mimi nilidhani ni mzaha wa kaka na dada.

Na kuna jambo jingine, ambalo huenda umelisahau kwa kuwa ulitoka nyumbani mapema. Kwetu, maiti akishalazwa katika mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, hufunikwa kwa miti kabla ya kumwagiwa udongo ili udongo usimguse. Miti yenyewe tangu zamani ni mikandaa, ile mikoko myembamba iliyonyooka, unene wa mkono, hukatwa asubuhi ile ile. Aliyekuwa kituoni kabla yangu alikuwa akiwazungusha wafiwa: leta kibali, leta sahihi ya chifu, rudi kesho. Maiti haingoji kesho. Nilipokabidhiwa kituo nilikaa na wazee wa msikiti tukaelewana. Pakitokea msiba, mtu mmoja aje atoe habari, askari awaonyeshe mahali ambapo mikandaa imesongamana na yahitaji kupunguzwa, wakate mzigo mmoja, waende zao. Hakuna malipo, hakuna maswali. Nililipigania hilo kwa wakubwa mpaka wakachoka nami, wakakubali. Kaka, watu waliniombea dua kwa jambo hilo kuliko kwa miche yote niliyowahi kupanda. Kwa hiyo mlango uliotumika niliufungua mimi. Sijutii kuufungua. Uchungu wangu ni kwa aliyeingia.

Baba alifariki alfajiri ya Jumatano. Hayo unayajua. Alikuwa ameswali, akaomba maji, na Mama aliporudi na kikombe amekwisha kwenda. Walipokuja kuniita kituoni nilikuwa nimekwisha vaa sare, kwa kuwa asubuhi ile maji yalikuwa ya kupwa sana. Niliivua nikajifunga leso, nikaketi jamvini na wanawake. Desturi unaijua. Mwanamke hafuati jeneza, wala binti wa marehemu hatoki akahangaika. Kuosha, sanda, kaburi na miti ni mambo ya wanaume, na mkubwa wao alikuwa ami Mwarandu. Alinijia mara moja dirishani akaniambia nisijali, miti ya kakake ataisimamia mwenyewe kwa mkono wake. Nilimshukuru. Nilimbusu huo mkono.

Basi siku pekee katika mwaka ambayo hori halikuwa na bwana misitu ilikuwa ni siku niliyokuwa nikimlilia baba yangu. Mwizi wa nje asingelijua hilo. Lilitaka mtu wa ndani, anayejua desturi zetu, anayejua kwamba nitaketi wala sitainuka.

Kituoni alibaki Mutua, askari wangu, Mkamba wa Kitui, mtu mzima mwenye wanawe. Aliponisimulia baadaye hakuweza kunitazama usoni. Ami alifika na watu wengi wenye mashoka na misumeno, na lori likasimama juu, mahali pa mawe. Mutua aliuliza la nini. Akaambiwa haya ni mazishi ya babake mdosi wako, kwani wataka kutupimia miti ya maiti? Mutua si wa dini yetu. Hajui mwanandani, hajui maiti mmoja anahitaji miti mingapi, na aliona haya kuwafuata wafiwa nyumanyuma kama wezi. Akawaonyesha njia, akarudi akaketi kituoni. Lori lilipopita limefunikwa turubai, alisimama akavua kofia.

Hilo la kofia halinitoki moyoni.

Siku ya pili alijikaza akaingia hori. Siku ya tatu asubuhi, hitima ikiandaliwa, alinipigia simu. Hawakuigusa mikandaa iliyosongamana. Walipita mpaka ndani kabisa, kwenye mikoko mikubwa, wakaifyeka yote inayozaa. Nilijitanda buibui nikamwambia Mama natoka kidogo. Sufuria za pilau zilikuwa motoni, wanawake wote wakageuka. Shangazi Ummi aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, kwani hiyo serikali imekosa mwingine wa kumtuma siku ya hitima ya Baba. Nilitoka. Niliingia matopeni na buibui langu. Visiki vilikuwa bado vibichi, vyekundu, maji ya hori yakipita juu yake. Nikafuata alama za matairi kutoka pale kwenye mawe, lakini zilipofika barabarani sikuhitaji tena kuzifuata. Nilikuwa nimekwisha kumbuka neno tutaona.

Nilizikuta barazani kwako. Zilikuwa zimepangwa vizuri, nyingine zimekwisha banduliwa maganda, na fundi anachagua zilizonyooka. Hakuogopa hata kidogo. Alinisalimu kwa furaha, akasema karibu bwana misitu, boriti za kaka zimefika.

Nataka ujue kwamba sikuwa shujaa pale. Nilisimama nikafikiri kurudi kula pilau kama watu wengine. Nani angejua? Mutua angenyamaza nikimwomba, na visiki huoza. Halafu nikafikiri msiba unaofuata. Mtu atakuja na kilio chake kuomba mikandaa, na mimi nitamtazama nikijiuliza lori lake liko wapi. Sitamwamini, na nikimwamini nitakuwa mjinga. Mmeniharibia jambo moja zuri nililolifanya katika kazi hii, na mmelifanya kwa jina la Baba kabla hajapoa. Nikapiga simu polisi. Boriti zikazuiliwa, ami na dereva wakashikwa, jioni wakaachiliwa kwa dhamana. Nami niliandika maelezo. Nilipoulizwa mali ni ya nani, nilitaja jina lako. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu na si kwa mtu mwingine.

Tangu hapo maisha yangu hapa ni haya. Nikiingia dukani mazungumzo hukatika. Wanawake niliokaa nao jamvi moja hupita upande wa pili wa njia. Mutua amehamishwa, amepelekwa mpakani huko mbali na wanawe, kwa kosa la uzembe. Mkubwa wangu wa kazi aliniita akaniuliza kwa upole mbaya ninawezaje kuthibitisha kwamba sikujua, ilhali maneno yaliyofungua njia ni msiba wa baba yangu na mali imekutwa kwa kaka yangu. Nimetakiwa nijieleze, na huenda nikafukuzwa kazi kwa wizi nilioutangaza mwenyewe. Utaratibu wa miti ya kaburi umefutwa. Juzi familia moja ya huku Mtongwe ilifiwa, ikaambiwa ikalete kibali, na maiti yao ikalala bila ya kuzikwa. Walinikuta njiani wakitoka makaburini. Nikawapisha njia.

Wewe nawe ukatuma salamu kupitia ami: niondoe kesi, ama nisikanyage nyumba ya Baba. Kaka, kesi si sufuria kwamba nitaiondoa jikoni. Ni ya serikali. Na hata ingekuwa yangu, nisingeiondoa.

Ningeishia hapa, na hakika mpaka wiki mbili zilizopita sikuwa na nia ya kukuandikia. Ungeniona mbaya, nami ningekuona mbaya, tungezeeka hivyo. Lakini mwendesha mashtaka alitaka kujua, katika miti iliyokatwa siku ile, mingapi iliingia kaburini, ili isihesabiwe pamoja na ya wizi. Ni jambo la haki. Nikamwendea Rama mchimba kaburi, yule mliyekuwa mkienda naye madrasa. Nilimkuta shambani akipalilia muhogo. Nikamwuliza miti ya Baba ilikuwa mingapi. Akaendelea kupalilia. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema hakukuwa na mti hata mmoja.

Nilidhani hajanielewa. Akaliweka jembe chini, akanieleza. Jeneza lilikuwa limekwisha fika, watu wamesimama juani, na miti haijaja. Mikoko yote ilikuwa juu ya lori, na lori lilikuwa limekimbizwa Shika Adabu kabla watu hawajatoka msikitini wakaliona. Katika haraka ile ya kupakia mali, hakuna aliyekumbuka kumkatia maiti wake mikandaa. Hakuna, kaka. Hata mzigo mmoja. Ami alipoona aibu inamfika akapiga simu kwa fundi wako. Ikaja pikapu na mbao zimefunikwa mkeka. Ami akawatangazia watu kwamba bwana misitu amezuia miti ya baba yake mwenyewe, lakini wasihuzunike, Najib amenunua mbao mpya. Kwa hiyo ule uongo haukuzaliwa polisi walipokuja, kama nilivyokuwa nikidhani. Ulizaliwa pale pale, Baba akiwa bado juu ya jeneza.

Na mbao hazikuwa mpya. Zilikuwa mbao kuukuu zilizomwagiwa zege la nyumba yako, zile ambazo fundi huzibandua akazitupa pembeni. Zilikuwa na saruji iliyoganda na misumari. Wakati wa kumshusha, watu walikuwa wameshika shuka juu ya kaburi kama desturi, kwa hiyo walioona ni waliokuwa chini ya shuka, Rama na mwenzake, na ami aliyekuwa akiwahimiza. Rama alisema waliing'oa misumari waliyoweza. Iliyobaki waliigeuzia juu, upande wa udongo, isimwelekee Baba. Aliponiambia hilo alijifuta uso kwa mkono wenye mchanga, akaniomba radhi, yeye.

Kwa hiyo boriti zilizotoka hori kwa jina la Baba zimekuja kwako, na takataka ya nyumba yako ndiyo iliyomfunika. Nimetafuta namna laini ya kuliandika, sikuipata.

Mkandaa hukaa chini ya udongo miaka, mchwa hawaupendi. Mbao za zege ni laini, na udongo wetu una mchwa. Sidhani zitavuka masika haya. Hayo nilifundishwa chuoni na nilifaulu vizuri mtihani wake. Nimemwuliza imamu kama inafaa kufukua ili tuzibadilishe, amesema la, aachwe. Mvua ikinyesha siwezi kukaa ndani wala nje.

Sitakusingizia. La mbao naamini hulijui, najua ami alikuambia alinunua mpya kwa ulichotuma. La boriti ulilijua. Ulimwambia azitafute, na hukumwuliza atazipata wapi, na wewe ndiye uliyeambiwa na bwana misitu mwenyewe kwamba hazipatikani kwa halali.

Sasa sikiliza. Kesi itasikizwa mwezi ujao, Mama akiwa bado edani. Ami akikana kosa, Rama ataitwa kizimbani, ataulizwa kuhusu miti ya kaburi, naye ni mtu wa kweli, atasema. Nusu ya Mtongwe itakuwa mle mahakamani, na kabla ya Magharibi Mama atajua mumewe amelala chini ya nini. Ami akikiri, mashtaka yatasomwa, atatozwa faini, boriti zitachukuliwa, yatakwisha, na Rama hataitwa. Ami hafanyi neno bila ya idhini yako. Mwambie akiri, nawe ukiri kwamba mali ni yako. Utaaibika mbele ya watu, na baraza yako itakaa bila ya boriti. Ukikataa, nitasimama baada ya Rama na kuyathibitisha yote, wala usidhani nitameza maneno kwa ajili ya Mama. Sitadanganya mahakamani.

Najua utaona ninakutisha. Ndiyo, ninakutisha. Lakini pima na upande wangu. Rama akisema, mimi ndiye nitakayesafika. Watu watajua sikumnyima Baba kitu. Ami akikiri mapema, siri itabaki kwetu sisi wachache, nami nitabaki kuwa binti aliyemnyima baba yake miti, kwa watu na kwa Mama, maana Mama naye anaamini hivyo. Hajawahi kuniuliza kama ni kweli. Hunipokea chakula, hunipa mguu nikaukanda, akatazama ukutani. Ndilo ninalolichagua, kaka, na nimelichagua nikiwa na uchungu, si kwa wema.

Salamu za huku ni nyingi. Mwalimu Oduor anakusalimu na mkewe. Shangazi Ummi hajui kama naandika, kwa hiyo zake sina. Mama ameniona na karatasi, akauliza namwandikia nani, na nilipomwambia akataka na maneno yake yaingie. Anasema hakulaumu kwa kutofika mazikoni, tiketi na ruhusa ya tajiri si mambo ya siku moja. Anasema anashukuru kwamba dada alipokataa, kaka alimsitiri babake kutoka ng'ambo, na kwamba mtoto wa namna hiyo haharibikiwi duniani wala akhera. Anakuombea kila baada ya swala. Kisha ameniambia nimsomee nilivyoandika, ahakikishe sikupunguza neno. Nimemsomea hayo yake tu.

Wasalaam,

Dada yako,
Waridi